Ruhusa ya Mtani

Hesabu za sehemu nilikuwa nimezisahau kabisa. Nilizifaulu darasa la saba, kisha tukaachana salama, kila mmoja na njia yake. Sasa nina miaka thelathini na ushee, ni msimamizi msaidizi wa ghala la asali mjini Tabora, na shule ya biashara niliyoitaka inasema lazima nifanye mtihani wa kuingia. Nusu ya mtihani huo ni hesabu. Nusu nyingine ni Kiingereza cha kuzungukazunguka, kile kinachokuuliza swali moja kwa aya tatu.

Kazi yangu ni kupokea asali. Wafugaji wa nyuki wanaleta ndoo, nafungua, naonja, natia tone kwenye kipima maji, nakielekeza kwenye mwanga na kuchungulia kwa jicho moja. Asali yenye maji mengi huchacha, kwa hiyo naikataa, mwenye ndoo ananuna, tunabishana, tunaelewana. Hivyo ndivyo Jumatatu hadi Jumamosi zinavyokwenda. Jioni nikifika nyumbani nanawa mikono mpaka viwiko, lakini asali haina adabu, na kitabu changu cha mazoezi kilianza kugandana kurasa. Sura nzima ya asilimia sikuwahi kuisoma kwa sababu haikubali kufunguka.

Kwa nini nijitese hivyo? Kwa sababu ya meza. Wanunuzi wakubwa wanapokuja, wanakaa na wakubwa wetu kwenye meza ya chumba cha nyuma na kupanga bei, soko, na asali ipi iende wapi. Mimi niliyeonja kila ndoo nasimama mlangoni na kijiko, nasubiri kuulizwa. Nilitaka kukaa kwenye ile meza. Nilitaka hata siku moja niwe na meza yangu mwenyewe. Nililitaka jambo hili usiku na mchana, na mtihani wenyewe unafanyika mara moja tu kwa mwaka.

Basi nikasoma kila mahali. Nilisoma kwenye bajaji, dereva akaniuliza kama nina kesi mahakamani. Nilijirekodi kwenye simu nikitaja kanuni za hesabu, nikawa nazisikiliza nikiendesha baiskeli, na sauti yangu mwenyewe ikanichosha kuliko mlima. Jumapili baada ya ibada nilikwenda Kwihara kwa mama, nikawa namenya karanga huku nikisoma maswali kwa sauti.

"Treni mbili zinaondoka kwenye miji miwili kwa wakati mmoja, zinakuja kukutana," nilimsomea siku moja.

"Reli ngapi?" mama akauliza.

"Haijasemwa, mama."

"Kama ni reli yetu, ni moja. Moja ya hizo lazima isubiri stesheni. Wanataka kuua watu hao?"

Nikamweleza kwamba ni treni za kwenye karatasi tu. Akasema hata za kwenye karatasi zina abiria, akachukua bakuli langu la karanga maana nilikuwa namenya moja kila baada ya swali. Mama aliuombea ule mtihani kila usiku, lakini hakuuheshimu hata kidogo.

Sasa nimtaje meneja wangu, maana bila yeye hakuna habari. Yeye ni Mgogo wa Dodoma, mimi Mnyamwezi. Wazee wetu walipita kwao na mizigo kichwani wakielekea pwani, wakazuiwa walipe ushuru wa maji, wakagombana miaka na miaka, na mwisho wakaamua kucheka. Tangu hapo sisi ni watani. Mtani anakutukana, anakunyang'anya soda mkononi, anakuzushia habari mbele za watu, na atakayekasirika ndiye aliyeshindwa.

Meneja ni mtu mzima, ghala zima linamwamkia shikamoo. Mimi nikiingia asubuhi namwambia, "Bado hujarudi kwenu, we Mgogo? Nani anakulisha?" Naye anajibu bila kuinua macho, "Namsubiri mbebaji wangu, amechelewa na mzigo." Wageni wanaotusikia mara ya kwanza hudhani nitafukuzwa kazi kabla ya saa nne.

Mwezi mmoja kabla ya mtihani ikaja habari kwamba sisi wa kanda ya kati na magharibi tutaufanyia Dodoma. Nikacheka peke yangu. Asubuhi yake nikamkuta meneja amesimama kati ya mapipa, wapakiaji wote wanasikia, nikamwambia, "Mtani, mwezi ujao napita kwenu, nakwenda kufanya mtihani Dodoma. Ijumaa nasafiri, Jumamosi nafanya. Waambie watu wako wafungue njia."

"Hupiti," akasema. "Babu zako walilipa, na wewe utalipa. Leta ushuru."

Wapakiaji wakapiga makofi. Kesho yake nikamletea chupa ya asali nyeusi ya miyombo, ile kali inayokwaruza koo, ambayo najua anaipenda. Akaionja kwa kidole, akafumba macho, akatangaza kwa sauti ya mtemi kwamba njia imefunguliwa na asinizuie mtu. Ghala likacheka tena. Mimi nikarudi kwenye mizani yangu moyo mweupe, nikijua nimeomba ruhusa na nimepewa. Nikakata tiketi ya basi.

Wiki ya mtihani ilipofika, Jumatatu asubuhi akanipita na kuniambia, "Ijumaa na Jumamosi uko Ziba. Kuna kikundi kipya cha wafugaji wa nyuki, mzigo wao wa kwanza, nenda ukaupime."

Nikacheka sana. Nikamwambia Wagogo hawana shukrani, wanakula ushuru halafu wanafunga njia. Naye akacheka. Tukaachana tukicheka, kila mtu kwa sababu yake, na mimi nikaendelea kukariri maneno ya Kiingereza.

Jumatano dereva wa gari la kampuni akaja kuniuliza Ijumaa tuondoke saa ngapi, maana Ziba iko huko Igunga, si karibu, na watu wa kikundi wameshachinja mbuzi wa mapokezi.

Hapo ndipo nilipoelewa. Yule mzee hakuwa anatania. Na mimi, siku ile kati ya mapipa, sikuwa natania. Lakini mdomo wangu na wake ulikuwa umezoea mchezo mmoja tu, na hakuna aliyemwamini mwenzake. Kwetu mtu mwenye neno zito kwa mtani wake humtuma mtu wa tatu alipeleke, kwa sababu hiyo hiyo. Mama angenikumbusha, lakini mama alikuwa anashughulika na treni.

Nikaenda ofisini kwake. Nikapiga hodi, nikaingia, nikapiga goti kidogo.

"Shikamoo, mzee."

Akasimama ghafla mpaka kiti kikaanguka. "Nani amefariki?"

"Hakuna aliyefariki."

"Mama yuko salama?"

"Salama, mzee. Ule mtihani ni wa kweli." Nikataka kueleza kwa utulivu, nikashindwa. Nikaanza kulia, na nikilia mimi silii kwa ustaarabu. Nikamwambia habari ya meza, na kijiko, na mlangoni ninaposimama, na miezi yote ya kusoma na mikono inayonata, na kwamba nikiukosa nitasubiri mwaka mzima na sijui kama nitakuwa bado nina nguvu ya kutaka. Aliniangalia kama mtu aliyefanya kazi miaka yote na mgeni.

Hakutania hata neno moja. Aliinua kiti, akakaa, akatazama ukuta. Tulijua wote wawili kwamba kupima maji ya asali pale ghalani tunaweza wawili tu, mimi na yeye, na kikundi kilichochinja mbuzi hakiambiwi kirudi wiki ijayo.

"Nenda," akasema mwishowe. "Ziba nitakwenda mimi. Na usilale gesti, mke wangu atakupokea stendi."

Nikamshukuru, nikatoka nikiwa mwepesi. Nilidhani amenipa siku mbili za kazi yake. Njia nzima ya Itigi na Manyoni nilisoma, na sura ya asilimia nikaifungua kwa mvuke wa chai ya mgahawani. Ilikuwa na kurasa chache tu, na zote rahisi. Nilijicheka mpaka abiria wa jirani akahama kiti.

Mke wake alinipokea vizuri, akanibebea begi, akaniita mdogo wangu. Nyumbani kwao nikakuta masufuria makubwa yamepangwa ukutani, viti vya kukodi uani, na gauni jeupe la kitoto limetundikwa mlangoni, limepigwa pasi.

"Kuna sherehe?" nikauliza.

"Kipaimara cha binti yetu, Jumapili." Alikuwa anachagua mchele, hakuniangalia. "Baba yake alikuwa aje na basi la leo. Jana akapiga simu kwamba ana safari ya Ziba, na barabara ile huwezi kutoka Jumamosi jioni ukawahi misa ya askofu huku."

Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Nikaanza kuomba msamaha, maneno yakigongana. Akanikatiza kwa mkono wenye mchele.

"Sikukuita uje kuomba msamaha. Yeye ndiye aliyeamua, na akiamua ameamua. Wewe kesho ukafaulu. Usipofaulu, huyu mtoto nitamwambia baba yake alikwenda wapi?"

Binti alikuwa amesimama pale pale, ana miaka kama kumi na miwili, anakula muwa na kunitazama bila haya.

Mtihani wenyewe sina mengi ya kuusimulia. Ni chumba chenye baridi ya mashine, kompyuta, na saa inayohesabu kurudi nyuma. Treni mbili zilikuja, nikazikutanisha bila kuua mtu. Kila nilipotaka kuruka swali gumu niliona gauni jeupe mlangoni, nikarudi nikalisoma tena. Nilitoka pale kichwa kinavuma, na sikujua kabisa kama nimefanya vizuri.

Nilitakiwa kupanda basi Jumapili alfajiri. Sikupanda. Niliingia kanisani kwao, mimi Mmoraviani wa Kwihara, nikakaa benchi la mbele upande wa wazazi kwa sababu mke wake alinivuta mkono na kusema nafasi ile haiwezi kukaa wazi kama pengo la jino. Askofu alipompaka binti mafuta nilishika simu juu, nikamrekodia baba yake. Picha nusu nzima ni kofia ya mama mmoja aliyekuja kusimama mbele yangu. Alipoipata alinipigia kutoka Ziba, mtandao unakatika. Akasema ameona. Akasema hivyo mara mbili, kisha akakata.

Majibu yalikuja wiki kadhaa baadaye, nikiwa kwenye mizani. Nilifaulu. Nilipiga kelele, wapakiaji wakadhani nyuki wamo kwenye ndoo. Nilipaswa kumpigia mama kwanza, lakini nikapiga Dodoma, nikaomba kuongea na binti.

"Nimefaulu," nikamwambia.

"Hongera, shangazi." Nikasikia anatafuna kitu. "Kwa hiyo sasa baba anakuja lini?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa pongezi, na kwa maswali kuhusu shule, hata kwa utani. Nikageuka nikamtafuta baba yake kwa macho. Uani ndoo zilikuwa zimepangana mpaka getini, wenyewe wamekaa kivulini wananisubiri, na baba yake alikuwa amesimama kati yao ameinua kipima maji kwenye mwanga, jicho moja amelifumba.

"Ijumaa hii," nikasema, kabla sijamuuliza mtu yeyote, kisha nikaenda kumpokonya kile kipimo mkononi.