Nilimpeleka Shangazi Mlolongoni kwa Maneno ya Kuazima

Nimekosa, na sitaki mtu anifariji. Mkinifariji nitakasirika zaidi. Nisikilizeni tu mpaka mwisho, kisha mniite jina lolote mnalotaka. Mimi mwenyewe nimeshajiita yote.

Nina ugonjwa wa misemo. Nilipokuwa chuo kikuu, misemo ndiyo iliyotushibisha. Ukutani bwenini, misemo. Nyuma ya mlango wa choo, misemo. "Anayenyamaza amekubali!" Tuliitamka kwa vifua vilivyojaa, chuo kikafungwa, tukarudi makwetu tukidhani tumeshafanya kitu. Nilipohitimu nilirudi Kisumu na digrii, suruali mbili na kichwa kilichojaa maneno ya watu wengine.

Kazi hakuna! Nikawa nashinda sokoni Otonglo na shangazi yangu, dada yake baba. Kwetu shangazi huitwa Waya. Ndiye aliyenilea mama alipofariki. Alikuwa anauza vyungu vya udongo kando ya barabara ya Busia, vya maji, vya mboga, hata vidogo vya kuchezea watoto.

Wapita njia walinichoma. "Ja-digrii! Bado unachunga vyungu visitoroke?"

Waya ndiye aliyekuwa akinijibia. "Wachana na yeye. Huyu akifungua mdomo, hata chifu anatafuta kiti."

Aliniamini, na kulikuwa na sababu. Mume wake alipokufa, wazee wa ukoo walitaka arithiwe na shemeji yake, mlevi aliyeshindwa kuezeka hata nyumba yake mwenyewe. Walikuja na msemo mmoja tu: "Mwacha mila ni mtumwa." Walipokwisha kuutamka, wanaume wazima wakaegemea viti kana kwamba kesi imekwisha! Nikawauliza, "Na mtumwa ni nani, wazee wangu? Huyu anayekataa, au huyu anayegawiwa bila kuulizwa?" Wakanung'unika, wakamaliza chai ya Waya, wakaenda zao. Hawakurudi tena.

Waya alicheka siku nzima. Tangu hapo kila neno langu kwake likawa dawa. Hapo ndipo nilipoharibika. Nilishinda vita visivyonigharimu hata jasho, nikajiona shujaa. Mjinga mimi!

Kisha ukaja uchaguzi wa mlolongo. Kwa ninyi mliokuwa wadogo: hakukuwa na karatasi wala sanduku. Unasimama mchana kweupe nyuma ya mtu aliyeshika picha ya mgombea wako, na kila mtu anakuona. Anakuona chifu, anakuona jirani, anakuona yule anayegawa nafasi sokoni.

Wagombea kwetu walikuwa wawili, wote wa chama kile kimoja kilichoruhusiwa. Mmoja alikuwa mheshimiwa, aliyependwa na wakubwa. Mwingine alikuwa mwalimu mstaafu, aliyependwa na sisi. Mwenyekiti wa chama pale sokoni alipita meza kwa meza akisema wafanyabiashara wote wako nyuma ya mheshimiwa. Hakuuliza. Alitangaza.

"Mimi siasa sitaki," Waya aliniambia. "Siku hiyo nitabaki na vyungu yangu."

Ningemwacha! Lakini msemo ulishanipanda kooni.

"Waya, anayenyamaza amekubali."

"Amekubali nini?"

"Kila kitu wanachomfanyia."

Alichukua chungu akakigonga kwa kidole, alivyozoea kufanya kusikiliza kama kina ufa. "Hiyo maneno ni kali," alisema. "Na wewe utasimama wapi?"

"Nyuma yako, Waya."

Nyuma yako! Nilisema hivyo kwa mdomo wangu huu.

Jioni ya kuamkia uchaguzi mwenyekiti alinikuta barabarani, akanishika bega kama rafiki. "Omera, ndugu yangu, kuna nafasi ya ualimu. Shule nzuri, nyumba iko. Lakini mheshimiwa anapenda kuona sura. Kesho sisi tutaangalia sura tu."

Basi. Mimi niliyehoji wazee, niliyehoji maprofesa, niliyehoji hata sala ya chakula, sikumhoji mwenyekiti neno moja. Nilitembea mpaka nyumbani nikitafuta msemo wa kunitetea, na mnajua nini? Niliupata kabla sijafika: "Mkono usioweza kuukata, ubusu." Misemo ni kama mitumba. Chokoachokoa, hukosi unaokutosha!

Kesho yake nilichelewa makusudi. Uwanja wa shule ulijaa, mistari miwili ikitazamana. Nikajipenyeza katika mstari wa mheshimiwa, nyuma ya mtu mnene.

Waya alikuwa karibu na mbele katika mstari wa mwalimu. Alikuwa amevaa gauni lake la kanisa. Kila mara aligeuka akatazama nyuma yake, akageuka mbele, akageuka tena.

Alikuwa ananitafuta mimi!

Mwenyekiti akapita na vijana wake wenye marungu. "Mama Vyungu, umepotea? Mstari yako ni ile kule."

"Sijapotea, Bwana Mwenyekiti," Waya akajibu kwa sauti ya kusikika uwanja mzima. "Anayenyamaza amekubali. Mimi nimekataa kunyamaza."

Watu wakashangilia. Mwenyekiti hakucheka. "Yawa! Na nani amekufundisha hiyo?"

Waya akainua mkono kunionyesha, uso umejaa fahari. Macho yake yakapita mstari wake wote, yakavuka njia iliyoachwa kati ya mistari, yakanikuta. Nyuma ya mtu mnene. Mstari ule mwingine.

Mkono ulibaki hewani kidogo. Kisha akauteremsha, akarekebisha kitambaa chake cha kichwa.

"Nimesikia kwa redio," akasema.

"Redio gani inasema maneno kama hayo?"

"Redio tu."

Nilikuwa karibu nao kiasi cha kuona jasho shingoni mwa mwenyekiti. Ningeweza kuvuka. Ningeweza angalau kupiga kelele, "Ni mimi!" Nilinyamaza. Mnaukumbuka ule msemo?

Mstari wetu wa mheshimiwa ulikuwa mfupi, mtoto angeona. Ukatangazwa kuwa mrefu! Watu wakapiga yowe, marungu yakainuliwa, uwanja ukawa mtupu.

Siku ya soko iliyofuata vijana wa chama walivunja vyungu vya Waya, kimoja kimoja, wakicheka. Mahali pake wakapewa wengine. Mimi sikuwepo. Nilikuwa mjini, natafuta viatu vya kufundishia.

Nilipomwendea nyumbani nilimkuta ameketi chini, anatwanga vigae vya vyungu vyake ili avichanganye na udongo mpya. Hakuinua kichwa. Nikaomba msamaha. Halafu, kwa sababu sina dawa, nikaongeza, "Wahenga wanasema kuteleza si kuanguka."

Akaacha kutwanga.

"Hao wahenga," aliuliza, "walikuwa mstari gani?"

Nikaokota kigae kimoja, nikakirudisha chini. Nikamuuliza kwa nini alisema ni redio.

"Ulitaka niseme nini, nyathina? Ungekosa kazi." Akarudi kutwanga.

Nyathina, mtoto wangu. Bado ananiita hivyo, na nikienda kwake ananipikia. Lakini hajawahi tena kuniuliza neno lolote. Akisikia jambo gumu anamuuliza mtu mwingine, mimi nikiwa nimeketi palepale nakula samaki wake.

Siku hizi vyama ni vingi, na kila mtu ni jasiri. Juzi nimemsikia mwenyekiti yuleyule kwenye mkutano wa hadhara, ameshabadilisha rangi ya kofia, akipaaza sauti: "Anayenyamaza amekubali!" Watu wakapiga makofi. Nilitamani kumrushia kiatu! Kisha nikakumbuka viatu vyangu vilikotoka.

Ninyi vijana wenzangu mliosoma, mnaobandika misemo ukutani, nawaonya. Msitie maneno makali kinywani mwa mtu mwenye vyungu vya kuvunjwa ikiwa ninyi wenyewe hamna hata kikombe cha kupoteza. Mkishindwa kujizuia, basi katangulieni kusimama nyinyi, naye aje nyuma yenu akitaka.

Na mtu yeyote akiwapa msemo mtamu, wa mila, wa kazi au wa siasa, muulizeni alikuwa mstari gani siku ile. Mniulize na mimi. Nilikuwa wa mheshimiwa, nyuma ya mtu mnene, nimeinamisha kichwa.