Nyimbo Nne za Ukungu kwenye Redio ya Shangazi

Hii nimeificha miaka yote, hata mke wangu anaijua nusu tu, ila leo mmenibana vizuri, basi nasema: mimi ndiye niliyeharibu kanda ya kwanza na ya mwisho ya bendi ya Ukungu, tena mbele ya baba yangu na madereva wa malori mgahawa mzima, na yote kwa sababu sikutaka kutembea mpaka dukani.

Ilikuwa enzi za ruksa, maduka ya Kilosa yameanza kujaa vitu tulivyokuwa tunavisikia tu, na katika kanda zilizokuwa zinakuja pamoja na marobota ya mitumba tukaokota muziki wa roki, ule wa taratibu, gitaa linakwaruza huku mwimbaji kama anaota, tukapagawa kabisa. Tulikuwa watatu: Shaibu wa gitaa la besi, Pendo wa ngoma (binti wa fundi wa reli, mikono mizito kuliko yetu sote), na mimi niliyeimba kwa sababu gitaa la pili lilikuwa langu na hakuna aliyeweza kunikataza. Waliotusikia walisema tutafika mbali.

Shida ilikuwa baba. Alikuwa amehamia Mikumi kwa dada yake, shangazi yangu mwenye mgahawa kando ya barabara kuu, na mjomba alikuwa ameshanipatia kibarua kwenye miwa kule Ruaha. Baba akaniambia, "Rekodini kanda, niletee Jumamosi niisikie. Nikiona kuna kazi humo, baki na gitaa lako. Nikiona upuuzi, Jumatatu uko kwenye miwa."

Basi tukaenda kurekodi kwenye ghala la katani lililokuwa limefungwa, nje kidogo ya mji. Jamani, lile ghala! Mwanga unashuka kwenye matundu ya bati, vumbi la katani bado linaelea, ukigusa uzi mmoja wa gitaa sauti inazunguka kuta zote na kukurudia imelainika, mpaka unasahau kwamba ni saa sita mchana na una njaa. Redio ya kurekodia ilikuwa yangu na mawe yake, zile betri kubwa, yalikuwa yamechoka. Pendo akasema, "Twende dukani tukanunue mapya." Mimi nikaona tukitoka tu ile hali itatutoroka (na jua lilikuwa kali, tuseme ukweli), nikajibu, "Ya nini? Tuyaanike." Nikayapanga juani juu ya kipande cha bati, kama mnavyofanya nyote nyumbani kwenu, nusu saa tu, nikayarudisha, redio ikazunguka.

Tukapiga nyimbo nne mfululizo. Wa nne ulikuwa wa mama yangu, aliyefariki nikiwa na miaka saba. Mimi namkumbuka amelala mkekani, anaongea polepole, anapumzika katikati ya maneno, na wimbo niliutunga hivyo hivyo. Tulipojisikiliza palepale, sauti zilitoka nzito, zinavutika, zinaelea. Shaibu akafumba macho akasema, "Hii ndiyo Ukungu yenyewe." Hakuna hata mmoja aliyejiuliza kwa nini tunasikika wazito kuliko tulivyoimba.

Jumamosi mchana nikafika kwa shangazi, wali unapakuliwa, madereva wamejaa. "Shikamoo, baba." "Marahaba. Weka hiyo kanda." Redio ya shangazi ilikuwa kubwa, ya umeme. Wimbo wa kwanza ukatoka umechangamka kidogo, nikadhani ni woga wangu. Wa pili, sauti yangu imekuwa ya mtoto. Wa tatu ndipo nikaelewa, na jasho likanitoka: mawe yalikuwa yanakufa huku tunarekodi, kanda ikazidi kuzunguka taratibu, sasa umeme unaizungusha kwa mwendo wake halali na sisi humo ndani tunakimbia. Dereva mmoja akaweka kijiko chini akauliza kwa upole, "Samahani, hawa walikuwa wanakimbizwa na tembo?" Mgahawa ukalipuka kwa kicheko. Nikanyoosha mkono niizime, baba akasema, "Acha."

Ukaja wa nne. Wimbo wa mama, jamani, kasauti kembamba kanamwaga maneno bila kupumua, watu wanapiga meza kwa kicheko, hawajui ni wa nani. Baba akajifunika uso kwa kofia, mabega yakawa yanatikisika. Sijawahi kuona aibu kama ile, nimemdhalilisha marehemu mbele ya mumewe.

Kofia ikashuka. Anacheka! Machozi yanamtiririka na anacheka. "Dada, msikie," akamwambia shangazi, "si ndiye huyu?" Shangazi kajishika mdomo, anaitikia kwa kichwa. Baba akanigeukia: "Mama yako alikuwa anauza vitunguu vya Malolo madirishani mwa mabasi. Basi linaondoka, yeye bado anataja bei. Ndivyo alivyokuwa anaongea, hata nyumbani, hata akinigombeza. Mmewezaje?"

"Mazoezi, baba," nikasema. (Ndiyo, nilisema hivyo, na sura kavu.)

"Mwambie mjomba wako asubiri. Haya, irudishe nyuma."

Tuliurudia mara nne. Baadaye kila tulipopiga watu walitaka mwendo ule, Pendo akachoka mikono, bendi ikafa kimya kimya. Ila dhamiri ilinisuta, siku moja nikatafuta mawe yaliyochoka, nikayatia kwenye redio yangu, nikamwekea baba ule wimbo kama nilivyoutunga. Alisikiliza mpaka ubeti wa pili, kwa heshima, kisha akaizima redio mwenyewe.

"Ni mzuri," akasema. "Lakini huyu simjui."

Miaka yote ile nilikaa na mama wa mkekani, yule mgonjwa niliyemkumbuka peke yangu, sikuwahi hata siku moja kumuuliza baba mkewe alikuwa mtu wa namna gani. Nimeapa, sitamwimba mtu tena kabla sijaketi na waliomjua akiwa mzima.