Kiti Kando ya Tangi

Shule niliishia darasa la nne, kwa hivyo naandika vile ninavyoongea. Mjukuu wangu ndiye alisema niandike, maana siku ya koito yake kila mtu wa ukoo anaisimulia kivyake, na wengine hata hawakuwako. Koito ni ile siku watu wa mvulana wanakuja kwa kina msichana na wazee wanamaliza maneno yao. Mimi nilikuwako. Kile kiti wanachokisema, ni mimi nilikiweka pale.

Lakini lazima nianze na Pwani.

Binti yangu wa pili amekaa Pwani miaka kumi na moja. Anasuka nywele kwa saluni, katika mji wa mahoteli ambapo wazungu wanakuja kuota jua. Mtoto wake msichana aliniachia akiwa mdogo, nikamlea hapa kwetu karibu na Plateau, nje ya mji wa Eldoret. Nyumbani binti yangu hakuwa anakuja. Nilimwambia maneno makali wakati alipopata huyo mtoto, yeye akajibu yake, na sisi wote wawili ni watu wa kukumbuka. Alikuwa anatuma nguo na viatu kwa basi. Mwenyewe haji.

Mwaka juzi akafanyiwa opresheni ya tumbo. Mimi nilifika siku ya tano, kwa sababu mahindi ilikuwa shambani na mawingu yalikuwa yamekaa vibaya. Nilimkuta amelala, shuka safi, uji kwenye thamosi. Nikauliza nani amefua. Akasema jirani.

Jirani alikuwa mzungu, mama mrefu, umri wa kama miaka hamsini na tano, amefunga leso kichwani na amevaa dera kama akina mama wa huko. Alikuwa anakaa mlango wa pili kwenye hiyo ploti. Asubuhi alileta uji, jioni alileta supu. Alinisalimia "Shikamoo mama," nikashindwa niitikie nini, maana kwetu hiyo tuliiacha kwenye kitabu. Nikasema, "Mzuri."

Siku ya tatu nilienda kununua viazi kwa mama mmoja anayekaanga hapo kwa geti. Akaniangalia, akainama kidogo.

"Bibi, wewe wa bara?"

"Natoka Eldoret."

"Basi huenda hujui. Huyo anayewaletea uji hakuzaliwa mwanamke. Wako watatu hapa mjini, wageni wote, wamekuja wakiwa hivyo hivyo. Walizaliwa wanaume, wanaishi kama wanawake."

"Wanafanya nini?"

"Hawafanyi kitu. Wanakaa. Wanakula viazi." Akacheka. "Hawana neno na mtu. Nimekwambia tu ujue."

Nikajua. Na nikishajua nikaanza kuona. Yule mama wa viazi akimuuzia, hampi mkononi, anaweka karatasi juu ya meza, na yule anaokota. Vijana wa boda boda wanamwita "madam, madam" kwa sauti tamu, na akipita wanapigana mabega kwa kicheko. Siku moja nilipita naye mbele ya hoteli, askari wa mlangoni akamvutia kiti cha kivulini, cha mito, akamwambia karibu sana. Kisha akawaita wenzake waje kuchungulia. Mwenyewe alikaa kidogo, akasema asante, akainuka. Hakuna mtu aliyemtukana mbele yangu hata mara moja. Nilifikiri, basi hawa watu wa Pwani wana adabu.

Na mimi sikuwa bora. Ule uji niliacha kuunywa. Sufuria yake nikawa naiosha mara mbili, na ya pili kwa jivu. Binti yangu aliniona kutoka kitandani.

"Mama, hiyo sufuria imekosa nini?"

"Haijatakata."

"Uliosha asubuhi."

Nikaendelea kusugua. Akasema, "Nilipokuwa siwezi kusimama, huyo ndiye alinishika kiuno mpaka choo. Aliniosha. Wewe ulikuwa Plateau."

"Nilikuwa navuna."

"Najua ulikuwa unavuna. Sijakulaumu. Lakini hiyo jivu rudisha jikoni."

Nilirudisha. Nikarudi nyumbani baada ya wiki mbili, na hayo mambo sikumwambia mtu isipokuwa wifi yangu, dada ya marehemu mzee wangu. Hilo ndilo lilikuwa kosa la kwanza. Kumwambia wifi yangu kitu ni kama kukitundika kwa kamba ya nguo.

Mwaka huu mjukuu wangu akapata mvulana. Ni mwalimu, watu wake ni wa kanisa, wakulima wa kawaida kama sisi. Msichana alinipigia simu kutoka Kapsoya, mtaa wa Eldoret, huko amepanga chumba.

"Kogo, nataka mama awe hapo." Kogo ni nyanya kwa lugha yetu.

"Mwambie."

"Nimemwambia. Anasema atakuja na rafiki yake, yule jirani. Kama huyo rafiki hana mahali pa kukaa, basi na yeye hana. Kogo, nikisimama mbele ya hao watu bila mama, watauliza. Na wakiuliza, nitawaambia nini? Kwamba yuko hai lakini hakuja?"

Nikamwambia waje. Kwangu hakuna mtu anayefukuzwa.

Wifi yangu alifika siku mbili kabla, kusaidia kuosha vibuyu. Tulikuwa tunasugua na ule ufagio mdogo wa vibuyu, tunapaka mkaa ndani ili maziwa ya mursik, yale ya kugandisha, yalale vizuri.

"Atakaa wapi?" akauliza.

"Nani?"

"Usinifanye mtoto. Kwa wanaume hawezi, amevaa rinda. Akikaa na sisi wamama, mimi nachukua kiti changu naenda zangu, na sitakuwa peke yangu."

Niliwaza siku nzima. Kwetu siku kama hiyo wanaume wana tenti yao na wageni, wamama wako upande wa jikoni. Katikati pana nyasi na tangi la maji. Nikaona nimepata dawa. Nikatoa kiti cha mzee wangu, kile cha mbao chenye mikono, ambacho tangu afe hakuna mtu amekikalia. Nikakiwekea mto na kitambaa cha kufuma, nikakiweka kando ya tangi, penye kivuli. Nilijisifu. Nikasema huyo mgeni atakuwa ameheshimiwa kuliko hata wazee, na wifi yangu hana la kusema.

Siku yenyewe walifika asubuhi. Binti yangu alikuwa amenona kidogo, nikafurahi, lakini sikusema. Tulishikana mikono kama watu wa kamati. Mgeni alikuwa na gauni refu la kijani na leso yake kichwani. Akasalimia wamama wote, mmoja mmoja, Kiswahili kile cha Pwani. Mama mmoja akasema, "Wacha! Huyu anaongea kama redio," na watu wakacheka vizuri tu. Wengi hawakuwa wanajua chochote. Wangemsogezea kiti hapo hapo na siku ingeendelea.

Ni mimi nilimshika mkono nikampeleka kwa tangi.

Akakaa. Nikamletea soda, nikamletea nyama kwa sahani yake. Nikarudi jikoni. Baada ya muda nikasikia mama mmoja mzee wa upande wa mvulana anauliza, "Yule mgeni ametengwa kwa nini? Ana ugonjwa?" Mwingine akasema, "Labda ni wa serikali." Na wifi yangu, ambaye alikuwa amekaa kimya tangu asubuhi kama aliyefungwa mdomo, akafunguka. Mpaka chai ya kwanza inaisha, kila mtu alikuwa anajua. Watoto walikuwa wanapita kwa tangi kunawa mikono iliyokuwa safi.

Nilichotaka kuficha, nilikuwa nimekiweka kwenye kiti chenye mto katikati ya uwanja.

Mgeni alikaa pale kama masaa matatu. Anatabasamu akiangaliwa. Soda hakumaliza. Binti yangu alinipita mlangoni mara mbili bila kunitazama. Mara ya tatu alikuwa na sahani yake, akaenda akakaa kwa nyasi, miguuni pa kile kiti.

Wazee wakamaliza mazungumzo yao. Kwetu, ikifika hapo, mama mzee wa nyumba anawapaka siagi kichwani msichana na mama yake, watu wa ule upande waone kwamba huyu msichana ana watu, ametoka mahali. Nilikuwa nimeshika kibuyu cha siagi. Mjukuu wangu akasimama katikati, na leso mpya mabegani. Mzee mmoja akaita, "Mama ya msichana asimame."

Hakuna aliyesimama.

"Mama ya msichana yuko wapi?"

"Niko hapa," binti yangu akasema kutoka kwa nyasi.

"Basi njoo kwa wenzako."

"Mwenzangu ni huyu. Mama aliniwekea mgeni hapa, na mimi nimekaa na mgeni wangu."

Hakusema kwa matusi. Alisema kama mtu anayetaja saa. Huko kwa tenti nikasikia mwanaume mmoja anauliza mwenzake, kwani kuna shida? Mjukuu wangu hakulia. Alinitazama tu mimi, hakumtazama mama yake. Na nikaona vile itakuwa: binti yangu atashika njia, na safari hii hata viatu kwa basi haitakuja. Na huyu msichana ataolewa akiwa na alama hiyo.

Nilitembea mpaka kwa tangi. Ni hatua kama ishirini na mguu wangu mmoja ni mbaya, kwa hivyo kila mtu alipata nafasi ya kuangalia.

Nikamwambia mgeni, "Simama."

Akasimama. Na kabla sijasema neno la pili akainama akachukua mkoba wake, akauvaa begani, akaangalia geti liko upande gani. Hakuuliza. Alikuwa anajua namna ya kuondoka kwa watu bila kuwasumbua. Hilo jambo sijalisahau.

"Weka mkoba chini," nikamwambia. "Shika hii." Nikampa kibuyu. Nikabeba kiti mwenyewe. Ni kizito, mzee wangu alikitengenezesha kwa fundi wa mjini na mbao ya zamani. Mvulana wa kuoa akainuka kunisaidia, nikamwambia akae. Nilikibeba mpaka upande wa wamama, nikakiweka kati ya kiti changu na cha wifi yangu. Wifi yangu akasogeza chake. Nikasogeza changu pia, ili pasiwe na pengo.

Binti yangu alikuwa ameshasimama. Akaja akasimama karibu na mtoto wake. Mgeni hakujua afanye nini na kibuyu, akanifuata nacho, amekikumbatia kwa mikono miwili.

Mama mmoja akamwambia, "Usiangushe, dada. Ukiangusha hiyo, wewe ndiye utaolewa badala yake." Watu wakacheka, hata wa kwa tenti, na yeye akacheka.

Nikachovya siagi, nikampaka mjukuu wangu, nikampaka binti yangu. Kichwa cha binti yangu sikuwa nimekigusa tangu akiwa msichana. Yule mgeni sikumpaka, hiyo ni ya watoto wa nyumba. Lakini kibuyu alishika yeye mpaka mwisho, na hakuangusha.

Wifi yangu aliondoka kabla ya chai ya pili. Aliniita kando ya geti.

"Umetuletea mwanaume katikati ya wamama."

"Nimekuletea mtu aliyemwosha mtoto wangu nikiwa shambani."

"Kwa hivyo umekubali hayo mambo."

"Sijasema nimekubali. Siyaelewi, na sitadanganya kwamba nayaelewa. Nimesema amekaa."

Mpaka leo hajarudi kwangu. Zamu yangu ya kukaribisha wamama wa kanisa ilirukwa mara mbili. Mara ya tatu hawakuruka. Walikunywa chai, wakala viazi vitamu, wakaangalia kile kiti, hakuna aliyeuliza. Mmoja alikikalia.

Jioni ya ile siku wageni walipokwisha, mgeni alikuja jikoni kusaidia vyombo. Nilimfundisha kusugua kibuyu. Hakuweza kabisa, mkaa ulimpanda mpaka kwenye kiwiko. Nikamwambia bila kumtazama, "Kile kiti, nilikosea."

"Kilikuwa kiti kizuri, Kogo," akasema. "Kule ninakokaa pia wananipa kiti kizuri."

Nilikumbuka yule askari wa hoteli na mito yake. Nikachukua kibuyu mkononi mwake nikamwonyesha tena, polepole, kuanzia mdomoni.

Walilala Kapsoya kwa mjukuu wangu, na asubuhi wakapita kuniaga. Binti yangu alisimama mlangoni, akachezea funguo zangu zilizotundikwa pale.

"Nitakuja Desemba," akasema.

"Niambie mapema. Maziwa yanataka siku zake."

"Nikuambie tutakuwa wangapi?"

"Niambie siku tu," nikamwambia. "Kibuyu kikubwa kiko."