Mguu Ambao Mama Hakuinua

Naandika polepole. Niliishia darasa la nane, na hata huko mwalimu alilikusanya daftari langu mwisho, wenzangu wakiwa wameshatoka kucheza. Haya ninayoyaandika si ya kusamehe. Nayaandika kwa sababu shemeji yangu, mume wa dada, ameanza kuyasimulia sokoni Nyakoe kwa namna yake, na katika namna yake yeye ndiye aliyemponya mama.

Mama alianguka asubuhi katika shamba letu la chai, kikapu kikiwa mgongoni. Nilimkuta amelalia upande wa kulia, mdomo umepinda, jicho moja linaniangalia kama linanigombeza kwa kuchelewa. Baba alishafariki na kaka zangu wako Nairobi. Mwenye gari katika familia ni shemeji. Alikuja, tukampeleka mama hospitali mjini Kisii. Walimpiga picha ya kichwa, na daktari akasema mshipa wa ubongo umeziba, haukupasuka. Kiharusi.

Siku iliyofuata alikuja kijana mpole aliyevaa koti jeupe. Kwa Kiswahili chake ulijua kwamba si wa huku kwetu. Alisema wanafanya utafiti: wanawapima wagonjwa wa kiharusi siku za mwanzo, uso, mkono, mguu na maneno, kisha wanawapima tena baada ya miezi mitatu. Wanataka kujua kama zile alama za mwanzo zinaweza kutabiri nani atasimama na nani atabaki kitandani. Nilipenda alivyoeleza. Mama hajui Kiswahili, kwa hiyo nesi alimweleza kwa Kiekegusii, naye akatia kidole cha mkono wa kushoto kwenye wino, akakubali.

Kisha kijana akauliza, "Nani atanitafsiria?"

Nilikuwa nimesimama karibu na kichwa cha mama. Nilifungua mdomo. Shemeji akanitangulia. "Mimi, daktari. Huyu mdogo wetu hana masomo."

Lazima nieleze jambo moja kwa msomaji asiyetoka kwetu. Mama mkwe na mume wa binti yake huishi kwa ensoni, ile haya inayolinda heshima. Hawapeani mikono. Hawaketi benchi moja. Mkwe akimkuta mama mkwe mtoni ananawa miguu, hugeuka akarudi alikotoka, hata kama ana kiu. Shemeji analijua hilo tangu alipolipa mahari. Alipaswa kutoka nje. Lakini alipenda kuitwa na watu wa hospitali. Akabaki pale miguuni mwa kitanda, amegeuza uso kidogo tu, kama mtu anayechungulia ugomvi wa jirani.

Mama alikuwa na gauni la hospitali linaloishia magotini. Kijana akafunua blanketi.

"Mwambie ainue mguu wa kulia."

"Mwambieni mama ainue mguu," shemeji akauambia ukuta kwa Kiekegusii.

Mama alifunga macho.

"Basi wa kushoto."

Mama hakufungua macho. Alibana magoti yote mawili pamoja na akakaa kimya kama jiwe la mpaka. Kijana akakunja uso. Aliuliza jina lake, aliuliza mwezi, alimwambia abane ngumi. Hakuna alichopata. Akaandika. Keshoye akarudi kupima mara ya pili, na shemeji naye akarudi, viatu vimepigwa rangi. Yakawa yale yale.

Walipoondoka siku hiyo ya pili, mama alifumbua macho. Akatazama mlango. Ndipo nikaona mguu wake wa kulia, ule uliosemwa umekufa, ukipanda chini ya blanketi, ukitetemeka, ukashuka. Alikuwa anajifunika.

Nilikimbia. Kijana alikuwa kwenye korido, shemeji anamchekesha. Nilisimama nyuma yao.

"Una nini?" shemeji akauliza.

"Mguu wa mama..." nikasema.

"Mwache, daktari. Ana huzuni, na hajazoea watu."

Kijana alinipa pole, akaenda kwenye kitanda kingine. Nami nikarudi kukaa. Hilo ndilo kosa langu, na nimeliweka hapa kabla ya makosa ya wengine ili asiseme mtu kwamba nimelificha.

Siku ya kutoka, walimweleza shemeji kwamba kwa alama zile, tumaini la mama kutembea ni dogo sana, ingawa utafiti bado unaendelea na hawawezi kuapa. Sehemu hiyo ya mwisho shemeji hakuifikisha nyumbani. Aliifikisha ya kwanza tu. Aliwapigia kaka zangu, akasimama kanisani siku ya Sabato akaomba maombi ya mama "ambaye hospitali imethibitisha hatatembea tena." Mwanamke mmoja wa mazoezi ya viungo pale hospitali alikuwa ametuambia tumrudishe kila wiki. Shemeji alimpeleka mara moja.

"Gogo halifundishwi kutembea," akamwambia dada yangu, nami niko pale, mama yuko pale nyuma ya pazia anasikia.

Kisha akabomoa jiko la mama. Lilikuwa jengo dogo la udongo kando ya nyumba, mabati yake mama aliyanunua kwa chai yake mwenyewe, moja moja. "Nani atapika humo?" shemeji alisema. Kaka zangu walikubali kwa simu. Akayapakia mabati na nguzo, akaenda kujengea kuku wake nyumbani kwake Nyakoe.

Jioni ile mama alisema neno lake la kwanza lililonyooka tangu aanguke. Alinitazama na mdomo wake uliopinda, akalisukuma neno hadi likatoka.

"Mabati."

"Ndiyo, mama."

"Yangu."

Hapo ndipo tulipoanza. Wengine huponywa na maombi, na sisemi vibaya. Mama aliponywa na mabati.

Yule mwanamke wa mazoezi alikuwa amenionyesha mambo machache: kubingirisha chupa chini ya unyayo, kukunja goti, kusimama ukiwa umeshika kitu kisichoyumba. Nilifunga kamba kwenye mguu wa kitanda. Kila siku baada ya kuchuma chai nilimsimamisha. Nilinunua daftari la mistari, nikawa naandika, polepole, kila siku sentensi moja au mbili. "Amesimama. Amekaa." "Kitandani hadi mlangoni. Ameanguka, ametukana." "Mlangoni hadi mpera. Amesema nimkome, anaweza mwenyewe." Alipochoka na kutaka kulala, sikumbembeleza. Nilimwambia, "Mama, kuku wa shemeji wamelala pakavu." Aliinuka.

Najua si maneno ya kumwambia mgonjwa.

Miezi mitatu ilipokaribia, dada yangu alikuja kutuona. Alimkuta mama amesimama kwenye mpera na fimbo, akalia. Kisha akakumbuka jambo, akaacha kulia.

"Yule kijana wa utafiti alipiga simu jana. Namba waliyoandika ni ya mume wangu."

"Na mumeo akamjibu nini?"

"Alimwambia hali ni ile ile."

Nilihisi kichwa kinapata moto. Kwa hiyo mama angeandikwa gogo mwanzo na gogo mwisho, na utabiri wao ungesemekana umetimia. Mgonjwa mwingine angepimwa kwa alama za mama na kuambiwa alale. Na shemeji angekuwa mkweli.

"Usimwambie kwamba mama anatembea," nikamwambia dada.

"Mdogo wangu, una nini na mume wangu?"

"Nina mabati."

Keshoye tulipanda pikipiki kwenda Kisii, mama katikati, nami nyuma nimemkumbatia. Korido ya hospitali aliitembea mwenyewe. Kijana alipomwona alisimama. Nilitaka kumwogopa nikashindwa, hasira ilikuwa imejaa nafasi yote.

"Funga pazia," nikasema. "Sasa mwambie ainue mguu. Mimi nitatafsiri."

Mama aliinua wa kulia. Akainua wa kushoto. Alitaja jina lake na jina la baba yake, na mwezi, na akaongeza kwamba kijana amekonda. Nikamweleza kijana nani alikuwa amesimama miguuni mwa kitanda siku zile, na ensoni ni nini. Alikaa chini.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuja kwenye korido."

"Nakumbuka," akasema. Alieleza kwamba alama za siku ya kwanza hazifutwi, lakini anaweza kuandika kando yazo sababu ya kutoaminika kwazo. Nilimwambia aandike nikiona, kisha anisomee. Alisoma. Nilimwambia arudie. Akaomba daftari langu alipige picha, ukurasa kwa ukurasa, pamoja na matusi.

Nje, mwenye pikipiki akauliza kama tunarudi nyumbani.

"Nyakoe," mama akasema.

Mama mkwe haendi tu nyumbani kwa mkwe wake bila kualikwa na kutayarishiwa. Ni jambo zito. Shemeji alikuwa uani anawatilia kuku maji. Aliona kwanza fimbo, kisha akaona mama, anakuja kwa miguu yake kutoka barabarani. Hakuwa na mahali pa kupita ila langoni, na langoni yuko mama mkwe. Akaingia kwenye nyumba ya kuku.

Mama alivuka ua, akakaa kwenye kigoda mbele ya ule mlango mdogo. Nyumba ile imeinuliwa juu ya nguzo, nguzo za jiko letu. Kutoka humo ni lazima utangulize mguu hewani, suruali inapanda, unateremka kinyumenyume.

"Binti yangu," mama akamwambia dada, aliyekuwa ametoka mlangoni kwake, "mwambie mwenye nyumba gogo limekuja kuangalia mabati yake."

Kuku mmoja akaruka ndani, bati likalia.

"Mwambie mama," sauti ya shemeji ikatoka, "asogee kidogo nitoke."

"Mwambie sisikii vizuri tangu nipimwe," mama akasema.

Dada yangu alijiziba mdomo kwa leso, nikaona mabega yanacheza. Nilikaribia ule mlango mdogo. Katika maisha yangu yote sikuwa nimewahi kuongea na shemeji kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani.

"Shemeji," nikasema. "Inua mguu."

Hakuinua. Tulikaa pale mpaka jua likavuka migomba, mama anakunywa chai aliyoletewa, mpaka alipoahidi kupitia kwa dada, mbele ya majirani waliokwisha kufika langoni, kwamba mabati na nguzo vitarudi. Ndipo mama akageuza kigoda, akampa mgongo, naye akatoka.

Jiko limejengwa upya. Mama anapika humo kwa mkono mmoja na nusu. Bati moja lina kinyesi cha kuku kisichotoka. Nilitaka kulisugua, mama akakataa. Shemeji hunisalimia nami humwitikia, kwa sababu mama ameniambia nimwitikie. Sijasema zaidi ya hapo.