Shanga za Mama Shingoni Mwangu

Niliondoka Tingi kwenda Mitwero kumwomba bibi mzaa mama anifundishe shanga. Mama alifariki nikiwa bado nanyonya. Baba ndiye aliyenilea, na ukimuuliza mambo ya kike huyo anakwenda kupalilia mikorosho. Hivi karibuni nilikuta sandukuni mwake shanga za kioo, nyekundu na nyeupe, zimefungwa kwenye kitambaa. Za kiunoni nilizijua ni zile za plastiki za sokoni. Hizi nikadhani mkufu. Nikazitunga nyuzi tatu, nikazivaa shingoni. Nilijiona malkia, jamani.

Asubuhi, ndani ya basi la Lindi, mama wa siti ya pili alininong'oneza, "Mwanangu, jifunike mtandio." Nikamwambia sisikii baridi.

Adhuhuri nikafika Mitwero. Bibi alikuwa uani anachambua mchele na mama mdogo.

"Shikamoo, bibi."

Sinia lilimponyoka, mchele wote chini. Mama mdogo akainuka haraka, akafunga mlango wa uani.

"Nani kakwambia uzivae hivyo?"

"Nimezitunga mwenyewe, mama mdogo. Hazijapendeza?"

"Hizo za kiunoni, mtoto we. Umetoka Tingi mpaka hapa na nguo ya ndani shingoni."

Nikazishika kwa mikono miwili, kana kwamba kuzificha saa hizo kungesaidia.

Bibi akasema polepole, "Uzi wake niliukata mimi, siku tuliyomwosha mama yako. Maiti hazikwi na shanga. Nikampa baba yako, nikamwambia binti akikua amlete. Nikangoja."

Nilikuwa nimevaa kitu kilichotoka mwilini mwa mama yangu, nikichekacheka na watu njia nzima.

"Kwa hiyo hunifundishi, bibi?"

Akanisogelea, akafungua fundo kwa meno. Kisha akanizungushia uzi mpya kiunoni. "Umemshinda mama yako unene. Itabidi tuongeze."

Mama mdogo akacheka. Mimi nililia.

Siku tatu nilifundishwa. Nyekundu, uko kwenye siku zako, nyeupe, umeshatoharika. Mume anaona, haulizi. Mengine siyaandiki hapa.

Jumapili nilirudi Tingi, shanga zikiwa mahali pake chini ya gauni.

"Bibi kasemaje?" baba akauliza.

"Alikungoja miaka yote hiyo, baba."

Akainama. "Niliona haya, mwanangu. Mwanaume ningeanzia wapi?"

Sikuweza kumkasirikia. Nimejifunza kuwa mama hakuondoka bila kuniachia neno. Lilikwama tu mikononi mwa mtu mwema aliyeona aibu kulifikisha.