Mianya Niliyoiacha Sakafuni

“Sakafu imepasuka kwa sababu fundi aliuza saruji yetu Busia.” Ndivyo alivyotangaza mwenyekiti wa kamati ya kanisa letu, huku Tororo, mbele ya waumini wote. Ni uongo, na sakafu yenyewe inamkana. Sakafu iliyopunjwa saruji hugeuka vumbi chini ya ufagio. Ile ni ngumu kama jiwe. Ilisukumana, ikanyanyuka katikati, ndipo ikapasuka.

Fundi huyo ni mimi, mwenye miaka arobaini na saba, fundi wa sakafu tangu ujana. Ile niliigawa vipande, nikaacha mianya ya upana wa kidole ili niijaze lami laini, maana jua likichoma mabati, saruji hutanuka. Mwenyekiti akaja kukagua.

“Fundi, hii mitaro ni ya nini? Unajengea funza nyumba?”

“Mzee, sakafu inataka nafasi ya kutanuka.”

“Ikitanuka tutailegezea mshipi.” Kamati ikacheka.

Kabla lami haijafika nikafiwa na dada yangu, nikaenda Majanji kuzika. Niliporudi baada ya siku nne, mianya yote ilikuwa imezibwa kwa saruji na kusuguliwa ikang'aa. Aliyeziba ni shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, niliyemfundisha mwenyewe kushika mwiko. Nikamwomba mwenyekiti tuifungue. Akasema namwonea shemeji wivu. Kiangazi kikaja, sakafu ikanyanyuka.

Nilimwendea shemeji. Hakukana.

“Mwenyekiti aliniambia ziba, nikaziba. Lakini wewe wameshakuita mwizi, shemeji. Tukiharibika wawili, itakusaidia nini?”

Mke wangu naye ananiambia, “Huyo ni mtoto wa mama yangu. Ukimtaja kanisani, usinitafute hapa.”

Sasa hata jirani anayetaka kusakafia jiko huita mwingine. Nikinyamaza, nitakufa naitwa mwizi. Nikimtaja, nyumba yangu imekwisha. Nishaurini, wasomaji wa gazeti hili, ingawa sioni mlango uliobaki.

Ila ninyi akina mama mliomchotea shemeji maji ya kuchanganyia saruji siku zile nne, najua mnausoma ukurasa huu. Mlisikia amri ikitolewa, na mmenyamaza tangu kiangazi. Jumapili hii simameni. Semeni ni nani aliyeagiza. Aliyeshika mwiko mwacheni.