Kimya cha Mama Seni

Kazi ya Dativa haikuwa na jina linaloeleweka. Kwenye karatasi za mshahara aliandikwa msaidizi wa ustawi wa jamii, lakini tangu mwaka tisini na sita alikuwa amewekewa meza katika chumba cha waendesha mashtaka wa polisi, pale mahakama ya wilaya, Ifakara. Alikaa na watu waliopigwa, waliokatwa, waliobakwa na walioibiwa, akawaeleza kesi inakwendaje, nani atakaa wapi, nani atauliza nini. Aliyetoka mbali alimtafutia pa kulala, na asipopata alimlaza kwake Lipangalala. Askari walimwita Dada Kwanini. Jina lilimstahili. Alikuwa mdadisi kupindukia, na ukikaa naye kwa muda wa kunywa chai tu, alishajua shangazi yako aliolewa wapi na kwa nini aliachika.

Mwendesha mashtaka mwenyewe, Inspekta Joachim, alikuwa mtu mwema asiye na subira. Alipenda shahidi asimame, aseme, ashuke. Ndiyo maana kesi ya Mama Seni ilikuwa inamkosesha usingizi.

Mama Seni alikuwa Msukuma. Yeye na mumewe walihamia upande wa Chita na ng'ombe wao miaka michache nyuma, na Kiswahili chake kilikuwa cha kununulia chumvi. Siku moja ndama wake waliingia kwenye mpunga wa jirani, mwenye mashine ya kukoboa aliyeitwa Eustaki. Mama Seni alikwenda kuwatoa na kuomba radhi. Eustaki hakutaka radhi. Alimkata kwa panga pajani, juu kabisa, karibu na nyonga, akamwacha amelala kwenye majaruba. Baada ya kupata dhamana alitangaza kilabuni kwamba kesi ikiisha atarudi kumalizia mguu wa pili. Na hilo ndilo lililokuwa mbele ya yule mama: Eustaki akiachiwa, ataendelea kukaa mita chache kutoka mlangoni kwake, tena akiwa amelewa ushindi.

Sasa, mama huyu alipopandishwa kizimbani alinyamaza. Si kwamba alisitasita au alilia, la. Alinyamaza kabisa. Alijifunika kanga kichwani mpaka puani, akageuza uso ukutani, akawa kama hayupo. Mkalimani alikuwepo, kijana Msukuma aitwaye Zakayo, fundi baiskeli wa sokoni, ambaye Dativa alimpata kwa kuulizia mji mzima na alijisifu sana kwa kumpata. Zakayo aliuliza swali la hakimu kwa Kisukuma huku akitazama dirishani. Hakujibiwa. Akauliza tena. Kimya. Hakimu akaahirisha. Tarehe ya pili ikawa vilevile, na hapo hakimu akasema waziwazi kwamba atatoa nafasi moja tu nyingine. Shahidi asiposema, na daktari hakuona tukio, atamwachia mshtakiwa.

"Amehongwa," Joachim alisema wakiwa ofisini, akitupa kofia mezani. "Wamemaliza nyumbani, sisi tunasumbuka bure."

"Afande, aliyehongwa husema hakumbuki," Dativa akamjibu. "Huyu hasemi kitu chochote. Kwa nini?"

"Basi anaogopa."

Dativa naye alidhani hivyo. Woga aliujua, ulikuwa ndio unga wake wa kila siku pale ofisini. Aliomba Eustaki asogezwe mbali na kizimba. Alimpeleka Mama Seni kwenye chumba cha mahakama kikiwa kitupu, akamwonyesha benchi na meza, akamsimamisha na kumshika mkono. Hata siku za kesi alimketisha benchi moja na Zakayo kwenye varanda, wazoeane, akawagawia ndizi za kuchoma. Mama Seni hakula ndizi. Alihamia chini, nyuma ya nguzo. Dativa akamfuata na ndizi yake hukohuko. Maskini, alifikiri anasaidia.

Kitu kimoja kilimkera lakini. Eustaki alipopita varandani, Mama Seni hakujificha. Alimkazia macho kuanzia miguuni mpaka kofiani, akasonya. Mtu unayemwogopa hivyo humsonyi, Dativa alijiambia. Basi anaogopa nini?

Kesi ya mwisho ilipangwa Jumatano. Jumatatu Mama Seni alishuka kwenye treni akichechemea, na Dativa akamchukua kwake. Jumanne mchana waliketi uani wakipepeta mchele. Mama Seni alikuwa mcheshi kweli! Aliinua ungo wa Dativa, akaonyesha chuya zilizobaki, akacheka.

"Mwenyewe wa hapa," alisema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "mchele huu kuku atakushukuru."

Dativa akacheka mpaka akamwaga. Huyu ndiye aliyepoteza ulimi mahakamani? Akaanza kumchimba kama kawaida yake. Eustaki amekutumia mtu? Hapana. Mumeo amekukataza? Hapana. Hakimu anakutisha? Mama Seni alishangaa: yule mzee mwenye kikohozi? Hapana.

Kabla hajauliza lingine, kengele ya baiskeli ililia njiani. Alikuwa Zakayo, amekuja kuuliza kesho afike saa ngapi. Dativa alipogeuka kumkaribisha mgeni wake, mgeni hakuwepo. Ungo ulikuwa umeanguka kifudifudi, mchele umetapakaa, na Mama Seni, na mguu wake mbovu, alikuwa ameshapotelea nyuma ya bafu la nyasi. Ukingo wa kanga ndio ulioonekana.

Dativa alitazama bafu. Akatazama njiani. Zakayo alikuwa ameshuka kwenye baiskeli, amesimama ng'ambo ya michongoma, amegeuka kabisa. Dativa akatoka kumfuata.

"Zakayo, mbona umeipa nyumba yangu mgongo?"

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Nimekuuliza."

Zakayo aliinama akajifanya anakagua mnyororo, mnyororo ambao haukuwa na tatizo lolote. "Dada, huyo aliye ndani ni mkwe wangu."

"Mkwe wako vipi? Mama Seni hana binti hapa mjini. Nimemuuliza watoto wake wote, mmojammoja."

"Mke wangu ni mtoto wa mdogo wake, tumbo moja. Kwetu huyo ni mama yuleyule. Sitakiwi kumtazama. Hatakiwi kunisemesha. Kupishana njiani tu, mmoja anaingia porini."

Dativa aliangalia bafu tena. Alikumbuka benchi la varandani na zile ndizi.

"Na wewe ulishindwa kuniambia tangu siku ya kwanza?"

"Ulinitumia askari, dada," Zakayo alisema kwa upole. "Askari mwenye kirungu, mbele ya wateja wangu, anasema mahakama inakuita. Utaanza kumweleza habari za wakwe?"

Ni kweli. Ilikuwa siku ya haraka, naye Dativa alimwomba konstebo aliyekuwa anakwenda sokoni amlete yule fundi. Akashika kiuno. Alitaka kucheka na alitaka kulia.

Alirudi uani akamkuta Mama Seni anaokota mchele punje kwa punje. Akachutama naye.

"Mama, kwa nini hukuniambia?"

"Kumsema tu ni vibaya," Mama Seni alijibu bila kuinua uso. "Halafu wewe unauliza kila kitu. Nikajua hilo umeshajua, serikali imetaka hivyo."

Dativa akaokota naye, punje kwa punje. Kwa mara ya kwanza katika kazi ile hakuwa na swali.

Aliyemwokoa alikuwa Zakayo yuleyule, aliyekuwa bado njiani na mgongo wake. Alisema kwa sauti, akiielekeza kwenye michongoma, kwamba stesheni kuna mwanamke anauza maziwa ya mgando, Mndamba wa hapahapa, lakini aliishi Shinyanga miaka mingi kwenye kiwanda cha pamba na Kisukuma chake ni cha kutukania watu. Dativa akapanda nyuma ya baiskeli. Mwanamke huyo, Verediana, mnene, mwenye sauti ya kuitia mifugo, alikataa mara moja. Treni ya mchana nani atawauzia maziwa abiria? Mahakamani ana shida gani yeye?

"Mama, kuna mtu kakatwa panga na hana wa kumsemea."

Verediana akaacha kufunika ndoo. "Panga? Kisa nini?"

"Utakisikia chote, kuanzia mwanzo, ukija."

"Saa ngapi?" akauliza Verediana. Dativa alimtambua ndugu yake katika ugonjwa.

Joachim alipoelezwa asubuhi ya Jumatano alibaki ameshika kalamu hewani, kisha akasema maneno ambayo polisi hawaandiki. Lakini hakuwa mtu wa kung'ang'ania kosa. Kesi ilipoitwa alisimama akaomba mkalimani abadilishwe kwa kuwa yule wa kwanza amegundulika kuwa ni mkwe wa shahidi.

Eustaki, aliyekuwa anajitetea mwenyewe, akaruka. "Mheshimiwa, wanabadilisha mkalimani ili wabadilishe maneno!"

"Maneno gani?" hakimu akamuuliza. "Hajasema hata moja." Watu wakacheka, naye Eustaki akaketi.

Zakayo alitolewa nje, na kwa hiari yake akaenda mpaka ng'ambo ya barabara. Verediana akaapishwa. Mama Seni alimsikiliza akisalimia kwa Kisukuma, akashtuka, akashusha kanga kutoka kichwani mpaka mabegani, na hapo mahakama ikaona uso wake kwa mara ya kwanza. Kisha alisema. Alisema ndama wangapi, jua lilikuwa wapi, Eustaki alishika panga kwa mkono gani na alimtukana tusi gani, na Verediana alilitafsiri tusi hilo bila kulipunguza. Hakimu alipotaka kuona jeraha, Dativa alisimama kati ya shahidi na mabenchi akatandaza kanga yake mwenyewe kama pazia. Kovu lilikuwa pana, jekundu, limekunjamana. Hakimu alilitazama muda mfupi, akarudi kitini.

Wiki zilizofuata Eustaki alipatikana na hatia, akafungwa, na mashine yake ikauzwa kwa mtu wa Mngeta. Lakini pale ofisini hukumu ile haikumbukwi sana. Linalokumbukwa ni jibu la mwisho la siku ile, maana hakimu, mzee wa watu, naye alikuwa na udadisi wake. Aliweka kalamu chini akauliza jambo lisilokuwa na ulazima wowote kisheria.

"Mwulize, mara mbili zile alipokaa kimya hakujua kwamba huyu bwana angeachiwa? Kwamba angerudi na panga lake?"

Verediana akauliza. Mama Seni hakumtazama hakimu wala Eustaki. Alimtazama Dativa, ambaye bado alikuwa ameshika kanga, akajibu taratibu, na Verediana, kwa mara ya kwanza asubuhi ile, akapunguza sauti kutafsiri.

"Anasema alijua. Anasema huyu alimkata mguu, na mguu umepona. Lakini kueleza paja lake mbele ya mume wa mtoto wake, anasema, hilo lingeponea wapi?"